Mtoto Aondokaye Shuleni



Katika somo la mwezi huu twataka kuzungumza nanyi juu ya jambo ambalo kila mwinjilisti na kila mzee wa kanisa katika Iramba amelishuhudia, ijapokuwa pengine hakupata nafasi ya kulitafakari. Mwezi wa Januari watoto huingia darasa la kwanza kwa wingi, hata madawati hayatoshi. Miaka michache ikiisha kupita, wengine hawamo tena. Baadhi yao wamehamia shule nyingine pamoja na wazazi wao. Baadhi wamekwenda mahali palipo mbali na shule. Na baadhi hawakwenda popote. Wangali katika nyumba zile zile, twakutana nao njiani wakichunga ng'ombe au wakibeba maji, lakini shuleni hawaonekani. Nafasi zao hukaliwa na wageni waliotoka kwingine, nao pia baada ya muda huondoka.

Watu wakiulizwa sababu hujibu upesi: ni umaskini. Nasi hatukatai, maana njaa ina nguvu. Walakini twazijua nyumba mbili zilizo jirani, zenye mashamba yaliyo sawa na shida zilizo sawa, na watoto wa nyumba hii wamemaliza, na watoto wa nyumba ile hawakumaliza. Umaskini peke yake hauelezi tofauti hiyo. Twaona ya kuwa sharti tuitazame pia njia iliyo kati ya nyumba na shule: ni nani apitaye humo, hupita mara ngapi, na huchukua habari gani.

Mwalimu aliyejulikana nyumbani

Kinampanda ni mahali panapofaa kuuliza swali hili. Wamisionari wa Augustana kutoka Marekani, walioipokea kazi ya Iramba katika miaka ya 1920 baada ya Wajerumani wa Leipzig, waliweka hapa shule ya kufundishia walimu. Serikali ilizitwaa shule za misioni kwa sheria ya mwaka 1969, na chuo cha ualimu kipo hata leo chini ya serikali. Vijana wengi wamekuja Kinampanda wakiwa hawajui kazi ya ualimu, wakatoka wakiwa walimu, wakatawanyika katika nchi.

Katika siku za mwanzo mwalimu wa shule ya kijijini na mwinjilisti aghalabu alikuwa mtu mmoja. Asubuhi alifundisha kusoma chini ya paa la nyasi, na jioni alipita katika nyumba za watu. Alijua ni nani mgonjwa, ni nani amefiwa, ni nani amegombana na mkewe. Mtoto asipoonekana siku mbili, mwalimu hakuwa na haja ya kuandika barua. Alipita nyumbani, akapewa kigoda, akaulizwa habari za kwake, na kabla hajaondoka alikuwa ameijua sababu.

Tusizisifu siku zile kupita kiasi. Watoto waliondoka wakati ule pia, tena wengi. Shule nyingi hazikuwa na madarasa ila machache, wasichana walikuwa haba, na baba wengi waliona ya kuwa kitabu kitawapotezea mtu wa kuchunga mbuzi. Maofisa wa elimu wa Waingereza waliliita jambo hili upotevu katika taarifa zao. Neno hilo halitupendezi. Mtoto si maji yaliyomwagika kutoka katika ndoo, hata mtu aseme tu kwamba yamepotea, akaenda zake kisimani kuteka mengine.

Baadaye shule zikawa nyingi, na hilo ni jambo la kushukuru. Mwezi wa Novemba 1974 chama cha TANU kiliazimia mjini Musoma ya kwamba watoto wote wapate elimu ya msingi, na muda uliowekwa ulikuwa hata Novemba 1977. Walimu hawakutosha, basi vijana waliomaliza darasa la saba wakachukuliwa, wakajifunza kazi huku wakiifanya. Watu waliwacheka, wakawaita walimu wa UPE kwa dharau, na kweli elimu yao ilikuwa fupi. Lakini tuwape haki yao kwa neno moja: walio wengi walikuwa wenyeji wa vijiji vyenyewe, nao walijua mtoto yule ni mjukuu wa nani.

Ada ikarudishwa katika miaka ya 1980, kisha ikafutwa tena mwanzoni mwa miaka ya 2000. Hapo watoto wa shule za msingi katika nchi yetu wakaongezeka, kutoka milioni 4.4 mwaka 2000 hata kupita milioni 7 mwaka 2005. Furaha ilikuwa kubwa. Lakini mwalimu aliyekuwa na watoto 40 sasa alikuwa na 80 au zaidi, naye hawezi kuzijua nyumba 80. Zaidi ya hayo, walimu hupangwa na serikali kutoka mikoa yote. Hivyo darasa moja huweza kuwa na watoto wasemao Kinyiramba, Kisukuma na Kitaturu nyumbani kwao, na mwalimu asiyejua hata lugha moja katika hizo. Hakuna aliyefanya kosa. Ila njia ile kati ya nyumba na shule imeota majani.

Siku za ndege

Tumfikiri mtoto mmoja wa darasa la tatu. Hatumpi jina, kwa kuwa walio kama yeye ni wengi. Anakaa na mama yake na bibi yake, mwendo wa saa moja kutoka shuleni. Mwezi wa Aprili uwele umeanza kukomaa, na ndege wamekuja makundi kwa makundi. Mama ana mtoto mchanga mgongoni, na bibi hana mbio tena. Basi mvulana huyu anapelekwa shambani kuamia ndege siku tatu. Kwa watu wa nyumba ile jambo hilo si dharau juu ya shule. Ni chakula cha mwaka mzima. Tena mama afikiri ya kuwa mwalimu atafahamu, maana ni nani asiyewajua ndege wa Aprili?

Lakini mwalimu amezaliwa katika nchi ya migomba, naye hakuambiwa neno. Siku ya nne mtoto afika shuleni. Mwalimu amwuliza, "Ulikuwa wapi?" Mtoto anyamaza, kwa kuwa amefundishwa nyumbani asijibizane na mkubwa, na kwa kuwa Kiswahili bado ni kizito mdomoni mwake akiwa na hofu. Kunyamaza kwake kwahesabiwa kuwa kiburi. Apigwa mbele ya wenzake. Tena akiketi aona ya kuwa hesabu imekwenda mbele: aliiacha katika kuzidisha, ameikuta katika kugawanya, na hapana amwonyeshaye.

Juma lifuatalo aondoka nyumbani kila asubuhi na daftari lake, lakini haendi mbali kuliko korongo ambako wenzake wawili wanacheza. Adhuhuri arudi nyumbani pamoja na watoto watokao shuleni. Mama adhani yuko shuleni. Mwalimu adhani yuko shambani. Kila mmoja ameridhika na dhana yake, na katika wiki zote hizo hapana hata mmoja aliyesema na mwenziwe.

Mwisho daftari la mahudhurio limejaa alama za kutokuwapo, jina lapelekwa kwa mtendaji wa kijiji, na mama aitwa. Sheria ya Elimu ya mwaka 1978 yamtaka mzazi amwandikishe mtoto na kuangalia kwamba ahudhuria, na mtendaji anayo haki ya kumwita. Walakini angalieni jambo hili, ndugu zetu: tangu siku ya kuandikishwa mtoto, hilo ndilo neno la kwanza lililotoka shuleni kuja kwa mama yule, nalo limekuja kama hati ya kumwita barazani. Mama aona haya mbele ya majirani. Aogopa faini. Kabla ya siku aliyoitwa amempeleka mtoto kwa mjomba wake huko chini Wembere, na katika daftari kwaandikwa neno "mtoro", kisha mstari.

Je, mtoto huyu alipotea siku gani? Msomaji aweza kusema ni siku aliyopigwa, au siku alipopelekwa kwa mjomba. Sisi twasema ni siku ya kwanza ya ndege. Siku ile neno moja kutoka nyumbani lingalitosha: "Mwalimu, mtoto wangu atakuwa shambani siku tatu, kisha nitamleta mwenyewe." Au siku ya pili neno moja kutoka shuleni, lililochukuliwa na mtoto wa jirani: "Mwalimu auliza kama ni mgonjwa." Hayo yote hayana gharama. Yataka kujuana tu, maana mtu hapeleki neno la namna hiyo kwa asiyemjua.

Hapa tuseme kidogo juu ya fimbo, kisha tuendelee. Kanuni za serikali, kama zilivyotangazwa mwaka 2002, zasema viboko visizidi vinne, na vitolewe na mkuu wa shule au mwalimu aliyeruhusiwa naye kwa maandishi. Wazazi wengi hawajui hivyo, na walimu wengine wamesahau. Nasi kwa maoni yetu wenyewe, fimbo juu ya mtoto aliyechelewa humfundisha jambo moja tu, yaani kutokuja kabisa siku nyingine atakapochelewa.

Habari za michango

Pana jambo jingine lililozitenga nyumba na shule, nalo ni fedha, ijapokuwa si kwa namna watu wanavyodhani.

Zamani zile za michango, mtoto alirudishwa nyumbani kwa sababu ya mchango wa mlinzi, au wa mitihani, au wa dawati. Baba aliyekuwa nacho alitoa. Asiyekuwa nacho alimwambia mtoto akae nyumbani mpaka alizeti iuzwe, na alizeti ilipouzwa mtoto alikuwa amekwisha kuzoea kukaa. Tangu Januari 2016 serikali imetangaza elimu bila malipo, nayo imeweka shilingi 10,000 kwa kila mwanafunzi wa shule ya msingi kwa mwaka, sehemu yake ikiwa ni ya vitabu. Tena mwezi wa Januari 2018 Rais Magufuli aliwakataza walimu kukusanya michango kwa wanafunzi. Mzazi mwenye nia ya kutoa apeleke mwenyewe kwa mkurugenzi wa halmashauri.

Amri hiyo iliwaondolea watoto aibu kubwa, nasi twaisifu kwa hilo. Lakini ilileta na jambo lisilokusudiwa na mtu. Wazazi wengi walisikia ya kuwa shule sasa ni ya serikali peke yake, wala wao hawana neno huko. Mkutano wa shule ukiitwa, walikuja wachache, na wale waliokuja walikaa karibu na mlango. Walimu nao wakaogopa kutaja hata uji wa watoto, wasije wakashtakiwa kuwa wadai fedha. Kwa hiyo pande mbili zilizokuwa zikigombana juu ya fedha zikaacha kugombana, zikaacha na kusema. Pengine ugomvi ni afadhali kuliko ukimya, maana wagombanao angalau wanaonana.

Uji wenyewe ni jambo kubwa. Mtoto atembeaye saa moja asubuhi bila kula hawezi kukaa hata saa nane akisikiliza. Mahali wazazi walipokutana wenyewe wakapatana juu ya debe la mahindi kwa kila nyumba baada ya mavuno, na asiye na mahindi alete kuni au achote maji, watoto hukaa. Lakini twajua shule moja, hatuitaji, ambako watoto ambao kwao hawakuleta debe waliketi wakiwatazama wenzao wakinywa. Baada ya majuma machache hawakuketi tena, walikuwa wamekwenda. Tena wazazi wao hawakuwa wameambiwa juu ya kuni na maji. Habari hiyo ilitangazwa katika mkutano, nao hawakuwapo mkutanoni kwa sababu waliona haya ya debe.

Aliyoyaona mtaalamu wa Chicago

Tusidhani ya kuwa mambo haya ni ya Iramba tu. Mwaka 1988 James Coleman, profesa wa Chuo Kikuu cha Chicago katika Marekani, aliandika habari za vijana wa shule za sekondari za nchi ile. Aliona ya kuwa katika kila wanafunzi 100 wa shule za serikali, 14.4 waliacha kabla ya mwisho wa mwaka wao wa mwisho. Katika shule za Kikatoliki waliacha 3.4, na katika shule nyingine za kulipia waliacha 11.9. Zile nyingine za kulipia zilikuwa za wenye nacho, lakini hazikuwashika vijana wao kuliko zile za serikali ila kwa kidogo sana. Basi si ada iliyofanya tofauti.

Msomaji wetu asihangaike, wala asikimbilie kusema ni habari ya dhehebu. Coleman alieleza hivi: katika shule zile wazazi walijuana. Baba wa mtoto huyu alimjua baba wa rafiki yake, maana walikutana mahali pengine nje ya shule. Kijana alipoanza kulegea, watu wazima watatu au wanne walijua kabla ya yeye kuamua, na kila mmoja alikuwa na haki ya kumwuliza. Katika shule nyingine kila mzazi alimjua mtoto wake tu, na pengine mwalimu mmoja. Tena aliona jambo la pili: watoto ambao jamaa zao walihama mara nyingi waliacha shule kuliko waliokaa mahali pamoja, kwa kuwa kila kuhama hukata nyuzi zile zote, na sharti zifumwe upya.

Zile ni sekondari, tena ni mbali na huku, na watu wa Marekani wana shida zao. Lakini tulipoyasoma maneno hayo tulifikiri mara moja juu ya vijiji vyetu, ambako kujuana kwa namna hiyo kungalipo bado bila kununuliwa. Majirani wajuana. Wanaimba pamoja, wanazikana, wanalimiana. Kilichokosekana ni kwamba kujuana huko hakufiki shuleni. Kwaishia kwenye uzio wake.

Wahamao

Nchi ya Iramba ina sababu nyingi za kuwahamisha watu. Upande wa magharibi nchi yashuka kwenye mbuga ya Wembere, na huko watu huteremka na ng'ombe kutafuta malisho, au kulima mahali penye ardhi mpya. Wengine huenda Sekenke na Shelui kwa ajili ya dhahabu. Wengine hufuata vitunguu. Wasukuma na Wataturu huja na mifugo yao, wakakaa miaka miwili, kisha wakaendelea. Hayo ni maisha ya watu, wala si utoro.

Ila hapa pana shimo wanaloanguka watoto wengi. Baba akiamua kuhama, aghalabu huhama katikati ya muhula bila kupita shuleni, kwa kuwa adhani mwalimu atamzuia au atamdai. Wafikapo kule, shule mpya huuliza barua ya uhamisho. Baba huahidi kuileta. Nauli ya kurudi haipo, kazi ni nyingi, na mtoto akaa nyumbani akingoja barua. Kule alikotoka amekwisha kuandikwa mtoro. Huku alikofika hajaandikwa. Siku hizi kila mwanafunzi wa shule ya msingi ana namba katika kumbukumbu za Baraza la Mitihani, nayo yaweza kumfuata aendako, ikiwa walimu wakuu wa pande zote mbili wameambiwa. Lakini namba haina miguu. Mtoto huyu huenda asiwe hai katika kitabu chochote cha nchi hii, isipokuwa kitabu cha ubatizo.

Nasi tunayo desturi ambayo ingeweza kutufundisha. Msharika akihama, hupewa barua aende nayo kwenye usharika mpya, na mzee wa kanisa humwuliza, "Je, umeichukua barua yako?" Kwa nini asimwulize papo hapo, "Na ya mtoto, je?" Ni swali la pumzi moja.

Na akifika mgeni kwetu, barua haitoshi. Mtoto aliyeingia katikati ya mwaka hajui choo kiko wapi, wala mwalimu yupi ni mkali, wala wimbo wa asubuhi. Akipewa mtoto mmoja wa jirani wa kwenda naye kwa mwezi wa kwanza, amepata uzi wa kwanza. Mama zao nao watajuana, maana watoto wakienda pamoja, mama husalimiana.

Ni nani mzazi?

Shuleni huandikwa jina moja la mzazi, na mara nyingi ni jina la baba. Lakini katika nyumba zetu mambo si mepesi hivyo. Baba yuko machimboni, au yuko mjini Singida akifanya vibarua. Mtoto yuko kwa bibi yake. Na katika koo za huku mjomba amekuwa na neno kubwa tangu zamani. Mwalimu akiandika barua kwa jina lililo daftarini, amemwandikia mtu asiyekuwapo. Bibi naye, aliye mlezi wa kweli, haendi mkutanoni, kwa kuwa hakuitwa yeye, na kwa kuwa adhani shule ni mambo ya wasomi.

Tulimsikia mwalimu mmoja mwanamke aliyekwenda nyumbani kwa bibi wa namna hii. Hakuanza na habari za mtoto. Alisema, "Shikamoo, bibi," akaitikiwa, akaketi, akamsaidia kupepeta mtama. Baada ya muda mrefu bibi mwenyewe ndiye aliyesema, "Mwalimu, mjukuu wangu hana kalamu, naye ameona haya kukuambia." Hayo ndiyo yaliyokuwa yamemweka mtoto nyumbani siku tisa.

Kwa habari za wasichana mambo huzidi uzito. Afikapo miaka 12 au 13 kazi za nyumbani humwongezekea, njia ya shule huwa na hatari zake, na wako watu wazima wasio na haya. Tangu mwaka 2016 sheria yatoa kifungo cha miaka 30 kwa mtu ampaye mimba mwanafunzi au kumwoa. Na mwezi wa Novemba 2021 serikali ilifungua tena mlango kwa wasichana waliopata mimba, warudi shuleni baada ya kujifungua. Mlango uko wazi, lakini msichana hawezi kuuingia peke yake. Yataka awepo nyumbani mtu wa kumshika mtoto mchanga, na awepo shuleni mtu wa kuzuia kicheko siku ile ya kwanza. Ikiwa hao wawili hawajakutana na kupatana siku moja kabla, twaogopa hatarudi, au atarudi kwa juma moja tu.

Kwa wainjilisti na wazee

Labda mtasema: Sasa tumeongezewa kazi nyingine. Sivyo. Ninyi mnapita katika nyumba hizi tayari. Mna darasa la kipaimara, ambalo nalo lina daftari lake, na mtoto aachaye shule aghalabu huanza kukosa huko pia. Mkiona pengo, mwaweza kumwuliza mwalimu wa shule kama naye ameliona. Mara nyingi atashukuru.

Lakini pana hatari mbili. Ya kwanza ni kwenda nyumbani kama askari wa shule. Mwinjilisti asisome majina ya watoro kanisani. Twajua mahali jambo hilo lilipofanywa kwa nia njema, na nyumba tatu hazikuonekana tena, si shuleni wala kanisani. Ya pili ni kwenda shuleni kama wakili wa wazazi, kumhukumu mwalimu. Mwalimu naye ni mgeni katika nchi, mara nyingi ni kijana, anakaa chumba kimoja, mbali na mama yake, na mshahara wake una safari ndefu. Naye huondoka. Akipata uhamisho baada ya mwaka mmoja, wale watoto waliokwisha kumzoea huanza tena upya. Mwalimu anayepelekewa mahindi mabichi katika mwezi wa Machi, na kuku mmoja siku ya sikukuu, kwa kuwa nchi yetu ina sifa ya kuku, huwa na sababu ya kukaa, tena huwa na nyumba za kuuliza habari za mtoto bila kuandika barua.

Kamati ya shule iko katika kila shule kwa sheria, na mahali pengi pana pia umoja wa wazazi na walimu. Mahali pengine majina yameandikwa tu, wala hawakutani. Ikiwa mmoja wenu ni mjumbe, alete shauri hili dogo: mtoto asipoonekana siku mbili, mtoto wa jirani yake aulizwe siku ile ile, siku ya tatu mtu mzima wa kitongoji chake apite nyumbani, naye asiwe mtendaji. Jina la mtu huyo wa kila kitongoji liandikwe ukutani katika ofisi ya mwalimu mkuu.

Maswali ya kuzungumza katika mikutano ya jirani

Katika kitongoji chetu, ni watoto gani walioanza darasa la kwanza pamoja na sasa hawako shuleni? Wako wapi leo, na ni nani aliyekuwa wa kwanza kujua ya kuwa wameacha?

Tangu Januari, ni neno gani lililotoka shuleni kuja nyumbani kwetu? Lilikuwa la kudai, la kulaumu, au la kuuliza hali?

Mwezi wa ndege ukija, ni nyumba zipi zisizo na mtu wa kuamia isipokuwa mtoto wa shule? Je, majirani waweza kugawana siku?

Ni nani katika mtaa wetu anayejiandaa kuhama baada ya mavuno haya? Amekwisha kwenda shuleni kwa ajili ya barua ya mtoto?